Huu "mwani" wenye vichwa vyeupe ni mnyama gani hasa? Vitabu vinanichanganya

kombe_tupu
Wakuu habari za saa hizi. Nina kitu kimenikaa kichwani siku ya tatu leo. Nilikuwa nakwangua nguzo kwenye maji ya kiunoni tu, nikang'oa kitu kama unyoya, bua jeusi limekakamaa kama waya, matawi yanatoka kushoto kulia kushoto kulia, mimi nikajua mwani nikautia kwenye chupa. Baadaye nikaumimina kwenye kisahani chenye maji ya bahari nikauacha, kurudi baada ya dakika kumi hivi nakuta matawi yamejaa vidude vyeupe vidogo sana, chini vina nywele nyembamba na juu vina vijiti vyenye vichwa kama pini, na vinajongea! Nikagusa kimoja kwa ncha ya sindano, kikanywea palepale. Sasa kitabu kimoja cha zamani kinasema Halocordyle disticha, kingine Pennaria tiarella, orodha ya mtandaoni inasema Pennaria disticha. Oda nazo hazielewani, huku Athecata, kule Anthomedusae, kwingine Anthoathecata. Hivi hawa ni wanyama watatu au mmoja mwenye vitambulisho vitatu?

jodari_mzee
Hiyo Obelia hiyo mkuu, kale kanyama kadogo ka baharini. Ndiyo ile tuliyochora wote shuleni.

bibi_hadubini
Hapana jodari, hapo umekwenda haraka. Obelia polipu yake, yaani kila kijinyama kimoja chenye mdomo na minyiri, inakaa ndani ya kikombe kinachoonekana kama kioo, ukiigusa inarudi ndani kama konokono. Huyu wa kombe kanywea lakini hana pa kuingia, yuko uchi. Kombe, hebu rudi kwenye kisahani uangalie pale shingo ya polipu inapoanzia, lile ganda jeusi la bua linakomea chini ya kichwa au linapanuka likawa kikombe? Likikomea hapo basi Obelia tuiweke pembeni kabisa.

kombe_tupu
Nimeangalia sasa hivi. Linakomea. Kabla ya kukomea lina mikunjo ya pete pete kama shingo ya mdudu.

bibi_hadubini
Basi umempata, ni Pennaria disticha. Sasa nikupitishe mwilini mwake maana ni mnyama mzuri wa kujifunzia, mkubwa kwa haidroidi, yaani wanyama wa aina hii wenye polipu wengi kwenye bua moja, koloni (kundi zima lililoungana) linaweza kufika sentimita 30.

Hilo bua jeusi si mwili, ni gamba la kitini ambalo mnyama mwenyewe kalitoa, tunaliita perisaki. Nyama hai ni mrija mwembamba unaopita ndani yake, na mrija huo ni mmoja koloni zima, kwa hiyo polipu mmoja akikamata kijidudu cha maji chakula kinasambaa mpaka kwa jirani ambaye hajala. Chini kabisa kuna nyuzi zinazotambaa juu ya nguzo kama mizizi ila hazinyonyi kitu, ni za kushikilia tu. Na ule mpangilio wa kushoto kulia ndio uliompa jina, disticha maana yake safu mbili. Ukitazama vizuri utaona polipu wamepangwa upande wa juu wa kila tawi, na kwenye ncha ya tawi kuna mmoja amekaa peke yake.

Polipu mwenyewe ana umbo la chupa, mdomo uko juu kileleni. Ana minyiri ya aina mbili na hapa ndipo pa kutulia. Ile nywele uliyoiona chini ni duara moja la minyiri mirefu myembamba. Ile ya juu ni mifupi, imetawanyika mpaka karibu na mdomo, na kila mmoja una kirungu nchani. Kirungu hicho kimejaa nematosisti, yaani vile vifuko vyenye uzi uliojikunja unaofyatuka na kuchoma. Ukiona polipu uchi, minyiri ya nyuzi chini na ya virungu juu, halafu bua jeusi lenye matawi ya safu mbili, huna haja ya kwenda mbali.

jodari_mzee
Sawa bibi nimekubali yaishe 😅 Ila kombe usizoee kuokota manyoya ya baharini mikono mitupu. Huyo wako hachomi sana, watu wengi hawahisi kitu, lakini kuna mwenzake Macrorhynchia philippina naye anafanana na unyoya, matawi meupe, huyo ukimpitishia mkono unawaka moto na vipele juu. Niliwahi kumgusa kwa kiwiko, wiki nzima najikuna.

pweza_wa_makumbusho
Nichangie upande wa majina maana ndiko nilikozeekea.

Ni mnyama mmoja. Goldfuss alimpa jina Pennaria disticha mwaka 1820. Mwaka 1834 Ehrenberg akaandika P. cavolinii, mwaka 1854 Ayres naye akaleta tiarella, kisha mwaka 1872 Allman akaanzisha jenasi ya Halocordyle. Baadaye watu wakaweka vielelezo pamoja wakaona tofauti zenyewe ni za urefu na unene wa matawi tu, mambo ambayo hata mkondo wa maji unaweza kuyabadilisha. Kanuni ni kwamba jina la kwanza linatangulia, kwa hiyo andika Pennaria disticha Goldfuss, 1820, na mengine yaweke kama visawe.

Kwenye oda mkanganyiko una sababu ya kuchekesha kidogo. Zamani waliokuwa wanasoma polipu na waliokuwa wanasoma konyeza, ile hatua inayoogelea huru, walikuwa watu tofauti, na kila upande ukajenga mfumo wake. Wa polipu wakagawa Athecata, wasio na kikombe, na Thecata wenye nacho. Wa konyeza wakagawa Anthomedusae na Leptomedusae. Kumbe ni wanyama walewale wametazamwa katika umri tofauti! Mwaka 1992 Cornelius akaunganisha majina, ndio tukapata Anthoathecata na Leptothecata. Huyo wako: faila Cnidaria, ngeli Hydrozoa, oda Anthoathecata, kundi la Capitata kwa sababu ya vile virungu, familia Pennariidae. Obelia ya jodari iko Leptothecata.

Ila virungu peke yake visikutie jeuri. Haidroidi wengine, Tubularia na ndugu zake, walikuwa Capitata miaka mingi, DNA ikawatoa wakawekwa kundi jingine, Aplanulata, pamoja na Hydra yule wa maji baridi. Na Anthoathecata yenyewe kwa DNA haikai kama ukoo mmoja. Kukosa kikombe si undugu, kama vile watu wawili kukosa kofia.

kombe_tupu
Asanteni sana. La mwisho, kama ana hatua ya konyeza mbona simwoni? Nimeona vivimbe vyenye rangi ya waridi kwenye polipu wachache, juu kidogo tu ya ile minyiri mirefu.

bibi_hadubini
Ndio hao! Hivyo vivimbe ni konyeza wanaokua. Wakikomaa wanakuwa kama yai refu, wana mifereji minne ndani na vifundo vinne pembeni mahali ambapo minyiri ingepaswa kuota ila haioti. Wanatoka jioni giza linapoingia, wanamwaga mayai au mbegu na maisha yao ni ya saa tu. Koloni moja linatoa jinsia moja, kwa hiyo kama una kisahani kimoja usitegemee mabuu.

Usiku huu badilisha maji, weka mapya ya bahari, zima taa, baada ya magharibi chungulia kwa tochi hafifu. Na kama unataka kuhifadhi polipu wakiwa wamefunguka, walegeze kwanza kwa magnesiamu kloridi kabla ya kuweka fomalini, la sivyo utabaki na vidonge vyeupe visivyo na minyiri ya kuhesabu.

kombe_tupu
Saa moja na nusu usiku. Wametoka watatu. Wanaruka ruka kama viroboto.