Moduli ya VPN inaua kerneli, halafu mnatuambia tukanunue RAM mpya?

Wakuu,

Huu ni uzi wa hasira. Nazungumzia VPN za kikazi zinazokuja na moduli yao iliyofungwa ya kerneli, yaani kipande cha msimbo kisicho wazi kinachopakiwa ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Unaisakinisha, mashine inaganda au inajiwasha upya katikati ya kazi. Ukiwaandikia watengenezaji, majibu ni yale yale: badilisha RAM, rudi kerneli ya zamani, zima Secure Boot (ulinzi unaokataa msimbo usio na sahihi inayoaminika). Kampuni siitaji. Hapa moduli tuiite `modvpn`. Naongelea Linux, wa Windows mtaongezea.

Tuanze na huo uongo wa RAM. RAM mbovu haina mpangilio: leo inaangusha kivinjari, kesho mfumo wa faili, keshokutwa kitu kingine kabisa, na anwani ya kosa haifanani. Ajali zote zikiishia kwenye mstari kama `RIP: 0010:modvpn_xmit+0x1a3/0x400 [modvpn]`, acheni kutuchezea akili. Jina lililo kwenye mabano ya mraba ni la moduli ambayo CPU ilikuwa inaiendesha ilipoanguka. `0x1a3` ni umbali kwa baiti kutoka mwanzo wa funksheni, na `0x400` ni urefu wake wote. RAM haiwezi kuharibika kila mara kwenye hatua ile ile ya funksheni ile ile ya mtu yule yule. Ukitaka kuwafunga mdomo, iache memtest86+ (programu ya kupima RAM) ikimbie usiku kucha, halafu watumie matokeo.

Mstari huo unaupata kwa `journalctl -k -b -1`, yaani logi za kerneli za uwashaji uliopita. Logi ikikatika ghafla bila neno lolote la kosa, usidhani hakukuwa na kosa. Kerneli ilikufa kabla diski haijaandikwa. Angalia `/sys/fs/pstore`, ambako kerneli huacha maneno yake ya mwisho, na kama mfumo wako una systemd angalia pia `/var/lib/systemd/pstore`, maana systemd huyahamishia huko.

Kisha soma `cat /proc/sys/kernel/tainted`, namba ya "madoa" ambayo kerneli hujiwekea ikipakiwa kitu cha kutiliwa shaka. Ikitoa 12289, hiyo ni 1 + 4096 + 8192: moduli ya leseni iliyofungwa, iliyojengwa nje ya kerneli, tena haina sahihi. Kwenye ripoti ya ajali utaiona kama `modvpn(POE)` katika orodha ya "Modules linked in". Ukiongezewa 2 juu yake, kuna moduli iliyosukumwa kwa nguvu licha ya toleo kutolingana. Kuna skripti za usakinishaji zinazofanya hivyo, `insmod -f` au `modprobe --force`, bila kumuuliza mwenye mashine. Huo ni uhuni. Na kumbuka kuwa kuondoa moduli kwa `rmmod` hakufuti doa hilo. Ukitaka kupima bila moduli, washa mashine upya moduli ikiwa imezuiwa, vinginevyo hujapima kitu.

Sasa makosa yenyewe, maana wakiulizwa "shida ni nini hasa" wanakimbilia maneno ya jumla.

La kwanza, na ndilo linalonikera kuliko yote, ni `skb_under_panic`. VPN inachukua pakiti, inaisimba, kisha inaibandikia vichwa vipya mbele. Kwenye kerneli, kubandika kwa mbele ni `skb_push`, ambayo inarudisha kielekezi cha `data` nyuma kwa idadi ya baiti unazotaka. Nafasi ikiwa haitoshi, `data` inapita nyuma ya `head`, kerneli inaona hilo na kusimamisha kila kitu kwa `kernel BUG at net/core/skbuff.c`. Soma mstari wa kosa: `put:` ni baiti zilizosukumwa, na ukilinganisha `head:` na `data:` utaona `data` ni ndogo kuliko `head`. Dawa inajulikana: iite `skb_cow_head()` kabla ya kusukuma, na utangaze `needed_headroom` kwenye kifaa chako cha mtandao. Asiyefanya hivyo anapata moduli inayofanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake, kwa sababu pakiti zinazozaliwa kwenye mashine yenyewe huja na nafasi ya mbele ya kutosha. Washa kontena au mashine pepe, ianze kupitisha pakiti za kupokelewa kutoka kifaa kingine, nafasi inategemea draiva iliyopokea, na hapo mambo yanalipuka. Ndiyo maana mwenzako wa meza ya pili haoni shida na wewe unaanguka kila ukiwasha kontena. Wanasema "hatujaweza kuirudia". Hamkujaribu.

La pili ni mashine kufa baada ya kuilaza na kuiamsha, au ukikata VPN na kuunganisha haraka. Moduli imeachilia kumbukumbu ya kifaa chake lakini kipima muda au kazi ya nyuma bado iko njiani, inafika na kugusa kitu kisichokuwepo tena. Ukiona anwani kama `dead000000000100` au `dead000000000122` kwenye rejista, hizo si bahati mbaya. Kerneli huziweka makusudi kwenye kipengele cha orodha kilichokwisha kuondolewa, ili atakayekigusa tena ajulikane.

La tatu ni `BUG: scheduling while atomic`. Wamefunga `mutex` (kufuli) au wameomba kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL`, vitu vinavyoweza kulala vikisubiri, ndani ya njia ya kutuma pakiti, mahali ambapo kulala hakuruhusiwi. Hilo ni somo la wiki ya kwanza kwa mwandishi wa draiva.

Tukija kwa "msisasishe kerneli": kerneli ya Linux haijawahi kuahidi kiolesura cha ndani kisichobadilika. Kwenye 5.6 funksheni `proc_create` ilianza kudai `proc_ops` badala ya `file_operations`. Kwenye 5.7 `kallsyms_lookup_name`, inayotafuta anwani ya funksheni kwa jina, ikaacha kupatikana kwa moduli, na waliokuwa wakiitumia kuchokonoa vitu visivyotolewa rasmi wakapiga kelele. Mabadiliko hayo yanaonekana mapema, hayamvizii mtu. Hatari kubwa iko kwa wanaotuma faili ya `.o` iliyokwisha kujengwa, na kipande kidogo tu cha msimbo wazi cha kuizungushia. Msimbo wazi unajengwa kwa kerneli yako, ile `.o` ilijengwa kwa kerneli yao. Muundo kama `sk_buff` (unaobeba pakiti ndani ya kerneli) ukiongezewa au ukipunguziwa sehemu kwa toleo au kwa mipangilio tu, `.o` inaendelea kusoma na kuandika kwenye nafasi za zamani. Moduli inapakiwa vizuri, inaunganisha, halafu inaharibu kumbukumbu ya mwingine taratibu. DKMS, zana ya kujenga moduli upya kila kerneli inapobadilika, haikuokoi hapo, kwa sababu inajenga upya kile tu ilichopewa chanzo chake.

Na mtu anayekwambia ukae kwenye kerneli yenye mashimo ya usalama ili bidhaa yake ya usalama ifanye kazi, mjibu mwenyewe. Secure Boot hivyo hivyo: `Key was rejected by service` inatibiwa kwa kusaini moduli na kusajili ufunguo kwa `mokutil --import`, kisha unathibitisha kwenye skrini ya bluu mashine inapowaka. Haidai kuzima chochote.

Kama mashine haiwaki kabisa: kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `module_blacklist=modvpn`, kisha Ctrl+X. Msiweke `modprobe.blacklist` mkadhani mmemaliza. Hiyo, sawa na `blacklist` ya kwenye `/etc/modprobe.d`, inazuia upakiaji wa kiotomatiki tu. Huduma ya VPN inayoita `modprobe modvpn` kwa jina itaipakia bila wasiwasi, na `insmod` haisomi kabisa mafaili hayo. `module_blacklist` inakataliwa na kerneli yenyewe. Ukishaingia, `systemctl mask` huduma yao, ondoa kifurushi, kisha jenga upya initramfs, mfumo mdogo wa faili unaotumika mwanzoni mwa uwashaji (`update-initramfs -u` au `dracut -f`), la sivyo moduli inaweza kurudi kutoka humo.

#2
Mkuu umesema kweli tupu. Kwa Windows: skrini ya bluu mara nyingi inataja `netio.sys`, `tcpip.sys` au `ndis.sys`, na msaada wa kampuni unaruka nayo: "umeona, ni Microsoft". Hizo ni njia tu ambazo pakiti ilikuwa inapita. Fungua faili ya `C:\Windows\Minidump` kwa WinDbg (zana ya Microsoft ya kuchunguza ajali), andika `!analyze -v`, kisha `k` na usome orodha ya miito hadi chini utafute `.sys` isiyo ya Windows. `lmvm modvpn` inakupa tarehe ya draiva. Msimbo wa kosa 0xD1 ni draiva iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kwenye IRQL (kiwango cha kipaumbele) ya juu, 0x133 ni DPC (kazi ya draiva iliyoahirishwa) iliyokaa muda mrefu mno.

Ukitaka kumkamata mkononi, tumia zana ya Windows ya kukagua draiva: `verifier /standard /driver modvpn.sys`, washa upya, tumia VPN. Ikianguka kwa 0xC4 kesi imeisha. Lakini jua kwanza njia ya kuingia Safe Mode na `verifier /reset`, maana mashine inaweza kuanguka kila ikiwaka. Kuiondoa programu pekee hakutoshi. `Pnputil /enum-drivers`, tafuta namba yake ya oem, kisha `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall /force`. Hiyo 12 ni mfano, msifute draiva ya watu.

#3
Nakubali, ila napinga kidogo hapo kwenye RIP. Jina la moduli likiwepo, sawa. Lisipokuwepo haimaanishi moduli ni safi. Uharibifu wa kumbukumbu hulipuka kwa jirani: utaona kosa kwenye `kmalloc` au mfumo wa faili, na aliyeharibu alishaondoka zamani. Washa mashine ukiongeza `slub_debug=FZP` kwenye ule mstari wa `linux` wa GRUB, kerneli ianze kukagua kumbukumbu yake. Mashine itakuwa nzito, vumilia. Ukikuta `6b6b6b6b6b6b6b6b` kwenye rejista, mtu anasoma kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.

Jaribu pia `ethtool -K eth0 gro off gso off tso off`, yaani kuzima uunganishaji wa pakiti kwenye kifaa cha mtandao `eth0`. Ajali zikikoma, moduli haijui kushughulikia pakiti zilizounganishwa. Ni kipimo, si tiba, kasi itashuka.

#4 (mwenye uzi)
Mkuu #3, marekebisho nimeyapokea. Ndiyo maana nasisitiza kdump, inayohifadhi nakala ya kumbukumbu kerneli inapokufa. Weka `crashkernel=256M`, hakikisha `/sys/kernel/kexec_crash_size` si sifuri, weka `kernel.panic_on_oops=1` ili mashine isiendelee kuchechemea baada ya oops (kosa la kerneli lisiloiua papo hapo). Hifadhi kazi zako, kisha ijaribu kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger` ukiwa root. Faili isipotokea kwenye `/var/crash`, rekebisha sasa. Ukiituma kwa kampuni kumbuka ndani yake kuna kumbukumbu ya kerneli, funguo za VPN zikiwemo, kwa hiyo anza na maandishi ya dmesg pekee.

Kwa wanaouliza mbadala: WireGuard imo ndani ya kerneli tangu 5.6 ya mwaka 2020, na OpenVPN imepata moduli yake rasmi kwenye 6.16. Lango la VPN la kazini likiongea protokali ya kawaida ya IKEv2, programu ya strongSwan inatosha. Likiwa la SSL la kampuni kubwa, jaribu `openconnect` kwanza, inajua protokali kadhaa na inatumia `/dev/net/tun` ya kerneli tu, bila moduli yake. Ikianguka, inaanguka peke yake.