MJADALA: 3D bila lenzi mbili ni 3D kweli au kiinimacho?

Fundi Taa: Wakuu, filamu ambayo haikupigwa kwa lenzi mbili mimi siiti 3D. Nyoosha kidole mbele ya pua, funga jicho moja halafu badilisha, si unaona kidole kinaruka? Macho yameachana kama milimita 65 hivi, huo mruko ndio kina chenyewe. Sasa hawa wanapiga lenzi moja halafu kompyuta inabuni jicho la pili. Clash of the Titans ya 2010 waliigeuza kwa wiki chache tu, watu wakawa kama makaratasi yamesimamishwa.

Kipara: Filamu ya Gravity nayo sehemu kubwa iligeuzwa na wote mlipiga makofi. Halafu usizipambe hizo lenzi mbili. Bwana Devil ya 1952 zilikuwa kamera mbili zinatazamana zinapiga kupitia vioo, sinema inaonyeshwa kwa projekta mbili, mkanda mmoja ukikatika inabidi ukate na mwenzake picha zilezile la sivyo ukumbi mzima unatoka kichwa kinagonga. Ndo maana Oboler, mwongozaji wake huyohuyo, mwaka 66 akahamia Space-Vision, mfumo wa Bernier, lenzi moja, picha mbili juu na chini kwenye mkanda mmoja.

Wa Voi: Bwana Devil si ile ya simba wa Tsavo? Yaani Tsavo wakaiigizia California, simba wenyewe wamekaushwa wako Chicago, na nyinyi mko bize na vioo 😏

Kipara: Dada simba wanahusiana nini na lenzi? Walikula watu 135, acha wakaushwe.

Wa Voi: Dada ni nani? Mimi baba wa watoto watatu. Na hiyo 135 ni hesabu ya Patterson aliyewaua, huyohuyo aliyewauzia Field Museum, makumbusho ya hapo Chicago, ngozi mwaka 1924. Watafiti walipopima mifupa na manyoya wakapata kama 35.

Fundi Taa: Jamani turudi. Hiyo Space-Vision ni lenzi moja kwa jina, ndani ina njia mbili za mwanga. Kipara umenisaidia bila kujua.

Miwani Juu ya Miwani: Mbona filamu ya 3D House of Wax ya 53 iliongozwa na André de Toth na alikuwa na chongo 😂 lenzi mbili za nini

Fundi Taa: Chongo ndo kichekesho? Jicho langu la kushoto halioni tangu nina miaka sita, na bado miwani ya 3D nalipishwa bei kamili.

Kipara: Subiri kwanza. Kwa hiyo hiyo kidole inayoruka umeiona wapi???

Wa Voi: Nangoja kuombwa radhi, na simba wangu.