Sauti ya gitaa la Brian May wa Queen kwa Strat kopi, nakosea wapi?

NyuziSita_Znz

Wakuu kwema humu? Mi napiga solo kwenye bendi ya hoteli huku Unguja, na mnajua tena wageni wakishaambiwa Freddie Mercury kazaliwa hapahapa mjini basi haupiti usiku bila mtu kuja na ombi la Queen, bendi yake. Nyimbo zenyewe nazipenda toka mdogo, marehemu baba alikuwa na kaseti zao, kwahiyo sipigi kwa kulazimishwa. Shida yangu ni sauti. Noti zote ninazo, solo ya Bohemian Rhapsody naimaliza bila kukosea, lakini nikijirekodi na simu nikaja kusikiliza ni kama mtu mwingine kabisa anapiga wimbo mwingine kabisa. Ile ya Brian May inaimba bwana, ni nene ila haina besi, ni kali ila haichomi masikio, kama sauti ya mtu mwenye pua nzuri akiita kwa mbali. Yangu ama nyembamba kama waya wa simu, ama nikiongeza distosheni inageuka mzinga wa nyuki.

Vifaa vyangu: Strat kopi (gitaa la kuiga Fender Stratocaster) ya bei ya chini, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu singo koili, pedali ya distosheni niliyouziwa dukani kwa maneno matamu kwamba ndo iliyopiga rock yote ya miaka ya 70, na amplifaya ya transista ya hoteli. Nimejaribu pikapu ya kwenye brichi (pale nyuzi zinapoishia), ya kati, zote mbili pamoja, nimeweka riverbu nikatoa, wapi. Naomba msaada, ila jamani msiniambie nikanunue Red Special, gitaa lenyewe la May, maana hela hiyo sina.

KidoleGumba

Kaka kwanza kabisa toa hiyo distosheni, iweke kabatini. Hapo ndo tunakosea wengi, mi mwenyewe nilipoteza kama miaka miwili hivi nikitafuta sauti ya May ndani ya boksi la distosheni na humo haimo. Yeye anatumia amplifaya ya Vox AC30, ile ya valvu, anachomeka kwenye chaneli ya kawaida na volyumu anaifungulia mpaka mwisho. Mbele yake kuna kidude kimoja tu, treboo busta, kazi yake kukata besi na kuisukuma amplifaya kwa nguvu. Ujanja huo hakuugundua yeye, alimfuata Rory Gallagher baada ya shoo London akiwa bado kijana asiyejulikana akamuuliza mzee hiyo sauti unaitoa wapi, na Rory bila hiyana akamwambia AC30 na busta ya Dallas Rangemaster. Watu wa zamani walikuwa hawana choyo.

Sasa angalia mantiki yake. Besi inakatwa KABLA sauti haijaanza kupasuka. Wewe distosheni yako inachukua kila kitu, besi na treboo, inavuruga pamoja, halafu unakuja kupunguza besi kwenye amplifaya wakati uji umeshaungua. Ndo maana unasikia nyuki.

Kitu kingine, volyumu ya gitaa. May hana pedali ya kubadilisha toka safi kwenda chafu, amplifaya iko juu muda wote, akitaka safi anashusha volyumu kwenye gitaa, akitaka solo anaifungua. Nenda YouTube kamwangalie mkono wa kulia, haukai mbali na ile noobu.

Na piki, ile ya kupigia nyuzi, unatumia ya nini? Jamaa anatumia sarafu ya sixpence ya Uingereza, toka zamani. Msidhani ni mbwembwe. Sarafu haipindi hata kidogo kwahiyo ulaini wote unatoka kwenye vidole unavyoishika, na ukingo wake una vikato, akiigeuza kidogo inakwaruza uzi mwanzoni mwa noti, ile kama herufi ya kwanza ya neno. Hiyo "kh" ndogo ukiitoa sauti yake inakuwa bubu. Mi natumia senti 50 yetu ya zamani ile yenye sungura, ni kubwa kidogo kuliko sixpence ila inafanya kazi. Ishike kwa kulegeza, ukikaza utakata nyuzi.

FundiRedio_Tanga

Vijana salaam. Mimi ni fundi redio, gitaa napiga kidogo tu nyumbani, ila hili swali ni la kwangu maana nusu yake ni waya.

Mwanangu NyuziSita, hilo gitaa lako lina ugonjwa ambao hata ukinunuliwa hiyo AC30 hautapona. Kwenye Strat ukiweka pikapu mbili pamoja zinaungwa kwa paraleli, kila moja na njia yake. Ndo unapata ile sauti ya kwakwa, nyembamba, nzuri sana kwa ridhim lakini sio hiyo unayoitafuta. Gitaa la May pikapu zake tatu (ni za Burns, Tri-Sonic, alizimwagia gundi ya Araldite ndani ili zisipige mluzi) zimeungwa kwa SIRIIZI, mkondo unapita kwenye ya kwanza ndo unaingia kwenye ya pili. Sauti inajaa katikati, nguvu inaongezeka, na ile treboo ya juu kabisa inalainika yenyewe. Kila pikapu ina swichi yake ya kuwasha na kuzima na nyingine ya kugeuza feizi, yaani mwelekeo wa mawimbi yake. Anayoitumia zaidi ni brichi na ya kati pamoja, feizi moja.

Dawa yake haizidi swichi moja ndogo ya miguu mitatu, hata ya kwenye redio mbovu inafaa. Fungua plastiki ya mbele. Tafuta waya wa ardhi wa pikapu ya brichi, utoe pale ulipolehemiwa, ulete kwenye mguu wa katikati wa swichi. Mguu mmoja wa pembeni upeleke ardhi, mguu mwingine upeleke kwenye waya moto wa pikapu ya kati, bila kuutoa waya huo kule kwenye selekta, ile swichi ya kuchagua pikapu. Basi. Swichi ikiwa upande huu gitaa lako ni lilelile la zamani, ukiigeuza upande wa pili na selekta iko kwenye brichi, zinakaa siriizi. Ikitokea sauti imekuwa ya kopo, tupu, haina tumbo, ujue feizi zimepingana, badilisha nyaya mbili za pikapu ya brichi, huu ukae pale na ule ukae hapa. Tena kopi nyingi pikapu ya kati huwa imegeuzwa sumaku na koili, kwahiyo ukiziunga hivyo hata ule mvumo wa umeme unapungua sana.

Kuhusu busta. Rangemaster ilikuwa na transista moja tu ya jemaniamu, OC44, ninazo kadhaa kwenye kopo toka redio za zamani. Lakini kwa pwani hii sikushauri. Jemaniamu haipendi joto. Joto likipanda transista inavujisha umeme, volti zinahama, asubuhi inaimba vizuri ukifika jukwaani alasiri sauti inakwama kooni. Nyingi kati ya zile za zamani ni PNP pia, chanya ndo inakuwa ardhi, ukiichomeka kwenye adapta moja na pedali zako nyingine unaunguza kitu. Tumia silikoni, BC109 au ndugu yake yeyote, betri ya volti 9, na kapasita ya kuingilia iwe ndogo, nanofaradi 5 hivi, hiyo ndo inayokata besi. Mfuate fundi yeyote wa redio hapo Unguja mwambie nataka busta ya transista moja, atacheka kwa urahisi wake.

BintiWaSolo_Nbo

Nimefurahi sana kukuta hii mada, Queen ndio walinifanya nishike gitaa. Mzee Fundi shikamoo, umeeleza vizuri kuliko video zote nilizoziona.

Naomba niongeze kitu kimoja coz naona kimesahaulika. Tunasema sauti ya gitaa lakini kile tunachosikia kwenye rekodi mara nyingi si gitaa moja. Ni matatu, manne, saa zingine mengi zaidi, kila moja linaimba laini yake kama kwaya, na kila laini imewekwa mahali pake, kushoto, kulia, katikati. Sikiliza solo ya Killer Queen ya 1974 na hedfoni, noti zinaingia moja baada ya nyingine kama kengele, moja inabaki inalia huku nyingine inaanza. Hiyo hutaipata live na gitaa moja hata ukopeshwe Red Special yenyewe. Nilijirekodi nyumbani mara ya kwanza na laini moja nikaona ni ya kawaida sana, nikaweka ya pili juu yake kwa noti ya tatu ya skeli, kisha nyingine kwa noti ya tano, halafu nikasikia ile kitu. Nilikaa tu nikairudia usiku kucha.

Halafu kuna Deacy Amp, amplifaya ndogo ya kujitengenezea. Hii hadithi naipenda sana. John Deacon, mpiga besi wao na mtu wa umeme, aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la taka za ujenzi London, akaifunga ndani ya kikasha cha spika ya rafu, akaiwasha kwa betri ya volti 9 ile kubwa ya PP9. Haina noobu hata moja. Walipokuja kuichunguza miaka mingi baadaye wakakuta bodi ile ilikuwa ya redio ya Supersonic PR80, redio ya huku kusini mwa Afrika! May akaitumia kwa zile okestra zake za gitaa, Procession, God Save the Queen, na kwa Good Company ya 1975 ile bendi ya jazi yenye tarumbeta na klarineti, yote ni gitaa. Kwenye kava za albamu za mwanzo walikuwa wanaandika kabisa kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika, maana watu walikuwa hawaamini.

Kwa hiyo NyuziSita, jukwaani usijiumize kutafuta kwaya. Tafuta ile sauti moja ya katikati iwe safi. Na kama una pedali ya dilei, ile ya mwangwi, iweke irudie mara moja tu, baada ya sekunde moja pungufu kidogo, na marudio yawe na nguvu karibu sawa na noti yenyewe, upige laini halafu ujijibu kwa noti ya tatu juu yake. Yeye alifanya hivyo kwa Brighton Rock na mashine mbili za mwangwi za Echoplex, kila moja na amplifaya yake.

KidoleGumba

Dada umenikumbusha mbali na hiyo ya redio. Kumbe kuna kipande cha Afrika ndani ya zile albamu. Na gitaa lenyewe ni hivyohivyo, alilianza na baba yake 1963 wakalitengeneza kama miaka miwili, shingo ni mahogani ya fremu ya meko ya zamani, springi za tremolo (ule mkono wa kuyumbisha noti) ni za valvu za pikipiki, ule mkono wa tremolo ulishikilia mkoba kwenye siti ya baiskeli na ncha yake ni sindano ya kufumia ya mama yake. Nikikumbuka hilo siwezi kumcheka mtu kwa Strat kopi.

NyuziSita weka nyuzi nyembamba pia, za 9. Gitaa lake ni fupi, inchi 24 toka nati ya kichwani mpaka brichi, lako ni 25 na nusu, nyuzi zako zimekaza zaidi na ile kuvuta noti mpaka ilie utakuwa unapigana nayo.

NyuziSita_Znz

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Mzee Fundi shikamoo sana. Swichi nimefunga, nilitoa kwenye redio ya jirani iliyokufa. Mara ya kwanza ilitoka ileile sauti ya kopo uliyosema, nikageuza nyaya mbili, nikawasha tena, na hapo mke wangu akaja kutoka jikoni kuuliza nani anapiga. Sikumjibu, nilikuwa nimeshikwa na kitu kooni, nilimkumbuka baba.

Busta nimetengenezewa na fundi wa huku, ya silikoni kama ulivyosema. Amplifaya ya hoteli ni ya transista haipasuki vizuri kwahiyo nimeazima kwa rafiki pedali moja inayoiga AC30, busta inakaa mbele yake, gaini ya kati tu, riverbu sifuri. Senti 50 nimeipata kwenye kopo la vifungo la mama. Siku tatu za mwanzo nilikata uzi wa kwanza mara mbili mpaka nilipojifunza kulegeza mkono.

Jumamosi nikapiga Bohemian Rhapsody. Kwaya haipo kama dada alivyosema, ila ile noti ya kwanza ya solo ilivyotoka mpiga kinanda wetu aligeuka kuniangalia. Kinachobaki sasa nikishusha volyumu ya gitaa ili sauti iwe safi kwenye beti, inakuwa nzito na ya kiza kidogo, treboo inapotea. Hiyo ni kawaida au kuna waya nimekosea?

FundiRedio_Tanga

Hujakosea waya mwanangu, hongera sana. Ukishusha noobu treboo inakimbilia ardhini kwa sababu ya noobu yenyewe na ule urefu wa kebo. Lehemu kapasita ndogo ya pikofaradi 680 kati ya mguu unaoingilia na mguu wa katikati wa noobu ya volyumu, treboo itapita juu yake hata ukishusha. Kama ikizidi kuwa kali weka rezista ya kiloomu 150 sambamba na hiyo kapasita. Na usitumie kebo ya mita kumi kama jukwaa ni la mita tatu.

NyuziSita_Znz

Pikofaradi 680, nimeandika. Kesho asubuhi naenda sokoni Darajani kuitafuta, Ijumaa tuna Killer Queen.