Naomba ushauri: nimechoka, lakini naogopa kuacha kuhubiri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kwa waliodumu kwenye huduma miaka mingi.

Nahubiri uamsho mwaka wa nne sasa. Mwanzoni mialiko ilikuwa mingi. Nilipoanza kusema toba ianzie kwetu sisi wa madhabahuni, milango ikafungwa mmoja mmoja. Hilo nimelizoea. Linaloniumiza ni nyumbani: mke wangu aliniambia, tena bila hasira, kwamba watu wa mkutanoni wananipata mzima, yeye anapata mabaki. Nilikosa jibu.

Mwili nao umegoma. Sauti imekauka, usingizi hauji. Nimepunguza mifungo. Mchungaji wangu anasema ni vita vya kiroho, niombe zaidi. Labda. Ila Evan Roberts, mhubiri aliyeongoza uamsho wa Wales wa 1904, aliishiwa nguvu kabisa kufikia 1906, akajitenga na mimbari. Na nabii Eliya, alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, aliletewa kwanza mkate na maji, si mahubiri.

Mliowahi kusimama kwa muda, mlijuaje kuwa ni pumziko na si kuukimbia wito? Na waliokwisha kuwaalika mliwaambiaje?