Antaktika kwa wawili: kuvuka Drake kwa meli, kwenda kwa ndege, au kuzunguka hadi South Georgia?

Mwinyi_Leicester
Habari za jioni wanajamvi. Januari mwakani mimi na mama watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumeamua kwenda Antaktika kabla magoti hayajagoma. Njia ziko tatu na tunabishana kila usiku:

1. Meli kutoka Ushuaia, Argentina, kuvuka Mlango wa Drake, ile bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwenda na kurudi. Siku 11.
2. Ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi kisiwa cha King George, meli mnaipandia hukohuko. Siku 8, na bei imepanda kidogo.
3. Mzunguko wa visiwa vya Falkland na South Georgia, kisha Antaktika. Siku 20 na ushee. Bei yake sitaki hata kuitaja.

Shida ni kwamba mwenzangu bahari haimpendi. Mwaka fulani wakati wa kusi tulitoka Unguja kwenda Dar, akatapika kuanzia Chumbe mpaka Kigamboni. Mimi naegemea ndege. Waliofika wanasemaje?

BiKidawa
Mwinyi, msalimie wifi. Sisi tulipita njia ya kwanza. Drake ni kama siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kwenda tulicheza karata, bahari imelala kama ya Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Kurudi ndiyo tuliyaona. Meli ilienda mrama usiku kucha, droo zinafunguka zenyewe, na mhudumu akatufundisha kuchomeka jaketi za kuokolea chini ya ukingo wa godoro ili lituegemeze ukutani tusidondoke. Nilibandika kile kibandiko cha nyuma ya sikio cha kuzuia kutapika. Kilinisaidia, ila mdomo ulikauka kama niko kwenye saumu na maandishi ya karibu yakawa ukungu. Aulize daktari kwanza, hasa kama ana presha ya macho.

Lakini kushuka pwani, jamani! Kule hakuna gati. Mnashuka ngazi ya ubavuni mwa meli, baharia anakushika kigasha nawe unamshika chake (viganja vinateleza, vigasha havitelezi), unaingia kwenye boti ya mpira. Ufukweni unakalia ukingo wa boti, unageuza miguu nje, unashuka kwenye maji ya magotini. Kabla ya hapo walishatukagua mifuko na mikunjo ya nguo kwa mashine ya kufyonza vumbi, tusije tukapeleka mbegu za kigeni. Buti zinasuguliwa kwa dawa kwenda na kurudi. Chakula marufuku. Na tangu homa ya mafua ya ndege ifike kule, hata kukaa chini au kupiga magoti kwenye theluji hawataki. Pengwini unamkalia mbali mita 5. Yeye sheria hiyo hajaisoma, anakuja mwenyewe kukukagua buti.

Mzaramo_wa_Oslo
Mimi nilikwenda kwa ndege. Mwinyi, usidanganyike kwamba ndege inakukwepesha hali ya hewa. Inakuhamishia tu mahali pa kukutana nayo. Uwanja wa King George ni wa changarawe, na ukungu ukitanda rubani haendi. Safari yenyewe ni saa mbili hivi angani, sisi tuliisubiri siku mbili na nusu hotelini Punta Arenas, mabegi yamefungwa, tunaambiwa kila baada ya saa kadhaa "bado". Siku hizo zilikatwa kwenye zile za Antaktika. Kampuni ilikuwa imeyaandika hayo kwenye mkataba, kosa ni langu la kutosoma. Mzigo pia ni kilo 20 tu, na mke wangu alinung'unika kwa ajili ya viatu mpaka tulipofika.

Ila sikutapika hata mara moja. Na tulipotua tulitembea kwa miguu kutoka uwanjani hadi ufukweni, tukapanda boti, saa hiyohiyo tuko katikati ya barafu. Hilo nalo lina utamu wake.

MzeeTezi
Vijana, mnabishana kuhusu namna ya kufika na hamjauliza mtapanda meli gani. Nimekula chumvi ya bahari miaka 31, nisikilizeni.

Drake ni mkali kwa sababu kwenye latitudo zile hakuna nchi kavu ya kuukatiza upepo. Unaizunguka dunia nzima bila kupiga ukuta, kisha maji yote yanabanwa katika upana wa kilomita 800 hivi, kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya South Shetland. Hilo hamlibadilishi. La kubadilisha ni hili: kwa kanuni za kule, watu wanaoruhusiwa kuwa ufukweni kwa wakati mmoja ni 100 tu, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Sasa piga hesabu. Meli ya watu 190, nusu wako ufukweni na nusu wanasubiri zamu. Ya watu 90, wote mnashuka pamoja na mnakaa. Ukilipia meli ya 450 kwa sababu ina bwawa la kuogelea, utaogelea sana.

Kabini chukueni ya chini, katikati. Ghorofa ya juu yenye roshani ndiyo inayobembea kuliko zote.

Mimi mwenyewe ningekwenda South Georgia. Ghuba ya St Andrews ina pengwini mfalme mamia ya maelfu, unawasikia na kuwanusa kabla hujawaona. Grytviken kuna kiwanda cha nyangumi kilichoota kutu, na kaburi la Shackleton, yule mvumbuzi wa Antaktika, aliyefia pale Januari 1922. Lakini ni siku nyingi za bahari wazi, na pepo zinazoporomoka kutoka kwenye barafu za milimani zinaweza kuwafungia ufukwe mnauona kwa macho. Kwa huyo mgonjwa wa Chumbe, hapana.

Dula_Temeke
Hela hiyo mimi napaua nyumba mbili Chanika. Nawatakia safari njema.

Mzaramo_wa_Oslo
Nimesahau: kama bado mna pasipoti za Tanzania, suala la viza ya Argentina anzeni nalo mapema, na ulizeni kama iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli inatoka nje ya nchi halafu inarudi.

Mwinyi_Leicester
Shikamoo MzeeTezi. Meli niliyoitazama ni ya watu 420, na bwawa linalo. Nimeshaifuta.

Mwinyi_Leicester
Hapa ni yule mgonjwa wa Chumbe. Mume wangu kaacha simu mezani kaenda kuswali. Mmenisema vya kutosha, ahsanteni.

Hotelini siku mbili kusubiri ukungu siwezi, nitampiga mtu. Lakini kutapika kwenda na kurudi nako sitaki. Nimeona wengine wanauza kwenda kwa meli na kurudi kwa ndege. Drake nataka niuone, mara moja, nikiwa bado na hamu ya kufika. BiKidawa wifi yangu, ukungu ukitukamata kule mwisho si tunaendelea kula na kulala melini?

BiKidawa
Mnabaki melini, naam. Ila tiketi za kurudi Uingereza msizifunge siku ileile, acheni siku mbili tatu. Yeye anajua?

Mwinyi_Leicester
Bado yuko kwenye sunna.