Miaka miwili ya JKT kabla ya ajira ya jeshi: kijana anajifunga, serikali inajifunga kwa lipi?

Wakuu, heshima kwenu.

Tangazo la ajira za JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) likitoka, vijana huanza na mistari miwili. Wa kwanza: uwe umepitia mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na una cheti. Wa pili ni umri: kwa kidato cha nne na cha sita, usizidi miaka 24. Asiye na cheti cha JKT anaishia hapo hapo, hata awe na mbio za kumshinda swala.

Niseme mapema kwamba sharti la JKT mimi naliunga mkono. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza kuwanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa. JWTZ iliyozaliwa Septemba mwaka huo ilijengwa upya kwa vijana wa TANU na wa JKT, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe Julai 1963. Nchi iliyopitia hayo ina haki ya kumtazama mtu vizuri kabla ya kumkabidhi bunduki.

Shida yangu ni mkataba wa upande mmoja. Sizungumzii wale wa mujibu wa sheria, wanaomaliza kidato cha sita, wanabeba bukta ya bluu yenye mpira kiunoni na fulana ya kijani, na baada ya miezi mitatu wanawahi chuo. Nazungumzia wa kujitolea. Huyu anakaa kambini miaka miwili: mchakamchaka kabla jua halijatoka, kwata, kisha shamba au kufyatua tofali, usiku lindo. Kila nafasi zinapotangazwa JKT husema wazi kwamba haitoi ajira. Ni kweli, wanasema. Lakini kila mtu anajua majeshi yanaajiri kutoka wapi, na kijana haendi kule kwa sababu anapenda sana kupalilia mahindi.

Sasa pigeni hesabu. Mwenye kidato cha nne, kuingia JKT kwa kujitolea, anatakiwa asizidi miaka 20. Akiingia na 20 anatoka na 22, anabaki na miaka miwili ya kungoja bahati. Tangazo likichelewa, kwisha habari. Muda alioutoa kwa taifa unahesabiwa kwenye umri wake sawasawa na wa mwenzake aliyeshinda kijiweni.

Napendekeza miaka ya JKT isihesabiwe kwenye ukomo wa umri. Aliyetumikia miwili aruhusiwe kuomba hadi 26. Na siku ya kuripoti kambini aambiwe kwa maandishi ajira za mwaka uliopita zilichukua wangapi kutoka operesheni (kundi la mafunzo) iliyomtangulia, aamue akijua. Karibuni.

Aliyepita kambi ya JKT Oljoro: Mleta mada umegusa penyewe. Ila wengine hatukuahidiwa na mtu, tulijiahidi wenyewe. Afande wetu alituambia siku ya kwanza: hapa mnajifunza kazi, shikeni kazi. Mimi nilishika uselemala, leo nina karakana. Wenzangu waliokataa kujifunza chochote wakisubiri jeshi, wengi bado wanasubiri.

Mzazi, Kahama: Hongera kwa karakana, lakini tusisahau Aprili 2021. Vijana 854 walifukuzwa JKT baada ya kutaka kuandamana hadi Ikulu Chamwino wakidai ajira waliyoahidiwa. Waliahidiwa na Rais, mkubwa wa nchi, baada ya kazi za ujenzi. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Mabeyo, alisema ni utovu wa nidhamu, na kijeshi alikuwa sahihi. Ila ahadi ya mdomo ndiyo iliyowafikisha pale. Na pasipo maandishi tapeli anapata pa kuingilia: mwanangu alitumiwa "barua ya uteuzi" yenye mhuri, mhuri wenyewe umepinda, akaombwa hela ya "kufungua faili". Tulishatuma nusu.

Mkenya, Nakuru: Habari zenu majirani. Huku KDF (jeshi letu la Kenya) wanakuja hadi uwanjani. Umri 18 hadi 26, cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) angalau D, urefu futi tano na inchi tatu. Unakimbia, unakaguliwa hadi meno, jioni unajua uko ndani ama unarudi nyumbani. Hakuna miaka miwili ya kungoja. Lakini msituonee wivu, siku moja haionyeshi tabia ya mtu, na huku nako kila mwaka watu wanaonywa wasitoe hongo.

Mstaafu, Dodoma: Mwanangu mleta mada, naafiki maandishi. Umri hapana. Kuruta wa miaka 26 magoti yake si ya miaka 20, nimewafundisha wote. Tena nafasi hazitaongezeka kwa sababu umewaongezea miaka. Utakuwa umerefusha foleni tu. Nani atoke ili huyo wako aingie?

Mleta mada: Shikamoo mzee. Kwenye magoti sibishani nawe. Ila majeshi tayari yanachukua wenye shahada wakiwa na zaidi ya 24, kwa hiyo magoti siyo kikwazo kwa wote. Kuhusu nani atoke: JKT wapokee wachache zaidi kwenye kujitolea, kulingana na nafasi zinazotarajiwa. Bora kijana aambiwe hapana akiwa na miaka 19 kuliko 24.