MJADALA: Kigoma tunakamua mawese, kwa nini jikoni tunamimina mafuta ya dukani?

Mkazi wa Mwanga
Ndugu zangu, nauliza kwa uchungu. Chikichi imejaa kuanzia Simbo mpaka kule Kalinzi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja mwenyewe kulisimamia zao hili, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha mbegu bora za chikichi aina ya tenera, miche imegawiwa. Lakini pita mitaa yetu ya mjini, Mwanga, Gungu, Katubuka, jioni, uangalie mtoto aliyetumwa dukani amebeba nini. Mafuta meupe ya kiwandani. Miche haitatusaidia kama mnunuzi wa kwanza, yaani sisi wenyewe, tumeyakimbia. Mimi naona ni matangazo na aibu. Tumeambiwa mawese yananuka, tukakubali. Na kwa kweli mama zetu wa Ujiji ndio walioanza kuficha dumu uvunguni wageni wakija.

Bint Ujiji
Ujiji umeitaja kwa lipi? Wewe umekula kwa nani Ujiji ukaona dumu uvunguni? Sisi mgebuka, samaki wetu wa ziwani, tunaupika kwa mawese mbele ya mgeni, na sombe, yaani kisamvu, bila mawese hatuiiti sombe. Pilau ndiyo hatuipiki kwa mawese, kwa sababu pilau haitaki rangi ile. Jenga hoja yako bila kuwadhalilisha mama za watu.

Mkazi wa Mwanga
Dada, sikudhalilisha mtu. Nimesema nilichokiona kwenye shughuli za harusi.

Bint Ujiji
Harusi ya nani? Itaje shughuli, tuijadili.

Duka Gungu
Naomba nisikilizwe, mimi ndiye ninayeuza hayo mafuta. Tangazo halina nguvu mnayoipa. Mteja wangu mkubwa ni mama anayepata hela leo na kuila leo. Anakuja na mia tano, nampimia. Asipokuwa nayo naandika kwenye daftari, mwisho wa wiki analipa. Mawese yako sokoni kwa chupa nzima au dumu la lita 20, na ni taslimu. Huyo mama hata ayapende namna gani, chupa nzima siku hiyo haiwezi. Mwaka 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nje ya nchi, mwishoni mwa Aprili mpaka Mei, mafuta hapa yalipanda hadi watu wakagombana na mimi. Mnadhani walihamia mawese? Walipunguza kipimo. Wa mia tano aliendelea na mia tano yake, akapata kidogo.

Mtoto wa Kasulu
Hiyo Indonesia umeitaja vizuri sana mzee. Wao na Malaysia mbegu walizichukua hapahapa Kigoma! Wakaja, wakabeba, leo wanatuuzia. Kila mtu anajua hili. Halafu tunakaa tunabishana habari ya harusi.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, hilo nalisikia tangu ujana wangu na si kweli. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Miche minne ilipandwa bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, ndiyo iliyozaa mashamba mengi ya Asia. Malaysia walianza shamba la biashara 1917. Kigoma hatukuibiwa mbegu.

Mtoto wa Kasulu
Mwalimu, shikamoo, lakini hayo yaliandikwa na nani? Na wakoloni walewale. Babu yangu alisema Wazungu walipita huku na magunia ya chikichi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Magunia yalipita, sikatai. Chikichi ya kukamua na mbegu ya kuanzishia nchi nzima ni mambo mawili. Ukiendelea kuamini kwamba tuliibiwa, hutauliza kwa nini wao walipanda mbegu bora, wakajenga viwanda vya kukamua karibu na shamba, na sisi chikichi yetu aina ya dura, yenye ganda nene, tukaiacha ilivyo. Tenera ina nyama nyingi na ganda jembamba, mafuta yake ni mengi. Hapo ndipo tulipoachwa.

Mtoto wa Kasulu
Sawa, nimeachwa. Ila babu yangu hakuwa mwongo.

Mwalimu Mstaafu
Sijamwita babu yako mwongo. Usiniwekee maneno mdomoni.

Nesi Kibondo
Mimi niwaambie kinachowafukuza wateja: presha na moyo. Mtu akitoka kupimwa anaambiwa apunguze mafuta, akifika nyumbani anaacha mawese peke yake na kuendelea na chipsi. Mawese karibu nusu yake ni mafuta mazito yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, ni kweli, kwa hiyo kiasi ni muhimu. Lakini ule wekundu ni karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kiwandani wanayasafisha mpaka wekundu unaondoka. Na mengi ya hayo meupe mnayoyaona salama ni mawese vilevile, yamesafishwa tu. Mtu anakimbia mawese anaangukia mawese.

Mkazi wa Mwanga
Umeona! Ndiyo hoja yangu. Rangi imetutawala. Tunanunua kwa macho.

Bint Ujiji
Hoja yako ilikuwa mama zetu na uvungu. Usiihamishe.

Mkamuaji Mwandiga
Mnazungumzia harufu kama imetoka mbinguni. Chikichi ikivunwa ikakaa siku nyingi kwenye lundo inaanza kuoza, asidi inapanda, mafuta yanakuwa makali, yanakwaruza koo. Wengine wanaiacha makusudi ilegee ili ikamulike kirahisi. Chikichi iliyovunwa juzi na kuchemshwa mapema haina harufu hiyo. Mteja akinunua mara moja mabaya, anayachukia yote, na simlaumu. Mimi yangu ni mazuri lakini yanapangwa meza moja na ya yule, bei moja.

Duka Gungu
Nashukuru, huyu ameongea. Ila bado hakuna aliyenijibu. Muuzaji wa jumla wa mafuta ya kiwandani ananipa mali kauli, nauza kwanza, nalipa baadaye. Wewe mkamuaji ukija dukani kwangu unataka hela yote mkononi kabla sijauza hata kijiko. Mimi nikopeshe mama daftarini, nikulipe wewe taslimu, mtaji unatoka wapi? Mimi kwanza ndiye niliyechagua mafuta meupe, kabla ya mama. Kwenye rafu yangu hajakuta mengine.

Niko Dar
Wenzenu huku Dar tunayatafuta kwa tochi. Ndugu akipanda treni Kigoma namwomba dumu, ndilo zawadi. Nyumbani nilikuwa siyajali, sasa nayatamani.

Bint Ujiji
Duka Gungu, nakuuliza kwa nia njema. Mdogo wangu anakamua Simbo. Akikuachia dumu kwa mali kauli, utapima kwa mia tano?

Duka Gungu
Nitapima, dada. Lakini yawe ya chikichi mpya kama alivyosema mkamuaji, na yakiganda asubuhi ya baridi asinitegemee mimi kuyapasha kwa mkaa wangu. Na akubali kusubiri mpaka wa daftari walipe.

Bint Ujiji
Kusubiri wiki ngapi? Ana watoto wa shule.

Duka Gungu
Hapo ndipo penye kazi. Mwambie aje tuongee, tusilimalize humu.

Mtoto wa Kasulu
Mwalimu, hiyo Bogor iko Malaysia?

Mwalimu Mstaafu
Java, Indonesia. Nimeiandika hapo juu, mwanangu, soma tena.